Kuni za Mgeni

Zamani za kale, yaani mwaka juzi, palikuwa na nchi ambayo jina lake nimeombwa nisilitaje, maana majirani zake wote wangedhani nimewataja wao. Nchi hiyo ilikuwa na wizara kumi na tisa, na zote zilishughulikia mambo yanayotokea: mafuriko, mitihani, madaraja kukatika na kadhalika. Baada ya miaka mingi wakubwa waligundua kwamba mambo yanayotokea huchosha, tena huleta lawama. Ndipo ikaundwa wizara ya ishirini, Wizara ya Mambo Yasiyotokea.

Msicheke, ilikuwa wizara ya maana. Mataifa makubwa yalikuwa yametangaza kwamba hewa ya dunia imechafuka kwa moshi, na kwamba nchi yoyote itakayozuia moshi wake usitoke itatuzwa kwa kila tani ambayo haikutoka. Nchi yetu hiyo ilikuwa na uzoefu mkubwa wa vitu visivyotoka. Maji yalikuwa hayatoki bombani, majibu ya barua yalikuwa hayatoki ofisini, na ripoti za tume za uchunguzi hazikuwahi kutoka tangu uhuru. Watu wakaona safari hii bahati imewafuata nyumbani.

Waziri aliyeteuliwa, Mheshimiwa Kashindye Malimwengu, aliizindua wizara kwa hotuba ya saa tatu. "Ndugu wananchi," alisema, "wenzetu wanauza pamba, wanauza kahawa, wanauza samaki. Vitu hivyo huoza, huibiwa, huliwa na panya. Sisi tutauza moshi ambao haupo. Hauhitaji ghala wala meli. Na natamka mbele yenu bila kumung'unya maneno kwamba moshi wetu usiokuwepo ni bora kuliko moshi usiokuwepo wa taifa lolote barani." Wananchi walipiga makofi kwa nguvu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na hotuba ilionekana kuelekea mwisho.

Jengo la wizara lilikuwa na ghorofa nne. Ya kwanza ilikaliwa na Idara ya Moshi Ambao Haukutoka, ya pili na Idara ya Kuni Ambazo Hazikukatwa. Ya tatu ilikuwa masjala, ambako mafaili matupu yalipangwa kwa unadhifu ambao haujapata kuonekana serikalini. Ya nne ilikuwa ya Waziri, ambaye mara nyingi hakuwepo, na hilo lilionwa kuwa mfano mwema kwa watumishi.

Elimu hiyo mpya ilienea kuliko surua. Mtunza stoo mmoja wa serikali, alipofikishwa mahakamani kwa kuiba mifuko kumi ya saruji, alijitetea kwamba nia yake ilikuwa kuiba ishirini, na nia hiyo alikuwa nayo kwa maandishi yenye mhuri. Hakimu alipiga hesabu, akaona taifa limeokoa mifuko kumi, akamwachia huru na kumpa cheti cha utumishi bora. Lakini hayo si ya hadithi hii. Hadithi hii ni ya mpimaji mmoja aliyeitwa Sikudhani.

*

Sikudhani Mbelwa alikuwa mpimaji wa daraja la tatu, daraja la mwisho, kwa sababu la nne lilikuwa la dereva. Baba yake alipima pamba ya wakulima kwenye chama cha ushirika kwa miaka ishirini na sita, na hakuacha shamba wala nyumba ya maana, kwa vile hakuwahi kukanyaga mizani ili kumpunja mkulima. Alichomwachia binti yake ni tabia moja ngumu: hakuweza kuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake. Katika wizara ile, hiyo ilikuwa kama kilema, na wenzake walimhurumia.

Siku moja aliitwa na Mkurugenzi, Bwana Ngwilizi, akapewa mizani ya kuning'iniza, daftari, kalamu ya risasi na Fomu Namba Kumi na Nne. Aliambiwa aende Masizini.

Masizini ni mji mdogo wa wakulima. Mwaka uliotangulia, kaya mia nne za huko zilikuwa zimepewa majiko banifu, yale ya udongo yenye tumbo jembamba, yanayopika chungu kizima kwa kuni za kiganjani. Mkataba na wafadhili wa ng'ambo ulikuwa mfupi. Mwaka ukitimia, kuni zipimwe. Ikionekana kaya inatumia nusu ya kuni za zamani au chini ya hapo, majiko yabaki Masizini daima. Ikizidi nusu, lori lipite nyumba kwa nyumba, liyakusanye yote, lipeleke kwingine.

Kuni za zamani zilikuwa tayari zimepimwa na Bwana Ngwilizi mwenyewe, kabla hajapanda cheo. Aliwahi kupita Masizini kwa gari asubuhi moja, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Hakushuka wala hakusalimu mtu. Aliyatazama mafungu ya kuni yaliyoegemezwa ukutani, akaandika kilo saba kwa kaya kwa siku, akageuza. Alipoulizwa ametumia njia gani, alijibu, "Jicho la kitaalamu," na mwezi uliofuata akawa Mkurugenzi. Kwa hiyo hesabu ya Sikudhani ilikuwa rahisi. Alitakiwa akute kilo tatu na nusu au pungufu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Mwamvua, mjane wa miaka sitini na kitu. Kwa miaka arobaini alikuwa amepikia mafiga matatu, macho yake mekundu hivi kwamba wageni walimpa pole ya msiba wasioujua. Jiko jipya lilipofika, moshi ulikoma. Bi Mwamvua akaona hakuna sababu ya kuishi na masizi ambayo hayaongezeki, akachukua sabuni na dodoki akasugua ukuta wa jikoni. Chini ya masizi alikuta rangi ya buluu, aliyoipaka marehemu mumewe mwaka waliooana, na ambayo alikuwa ameisahau kabisa. Alikaa chini akalia kidogo, na kwa mara ya kwanza jikoni mle alilia kwa sababu inayoeleweka.

Kwa hiyo mwelewe vizuri: mama yule angekubali kumpa mtu kitanda chake, lakini si jiko lile.

Sikudhani alibisha hodi asubuhi, akaamkia kwa adabu aliyofundishwa, akaulizia afya za wa nyumbani mmoja mmoja. Kisha alining'iniza fungu la kuni kwenye mizani, kilo ishirini kamili, akaeleza kwamba atakaa hapo mpaka jioni apime zilizobaki. Alimsihi Bi Mwamvua apike kama anavyopika kila siku, asibadilishe chochote. Bi Mwamvua alikubali kwa moyo mweupe, akaenda nyuma ya nyumba, na muda si mrefu jogoo akasikika akipinga jambo.

Ulipikwa wali wa nazi. Alipikwa kuku, akapikwa tena kwa kuungwa. Zilisukumwa chapati kumi na nne, ikachemshwa chai ya tangawizi mara tatu, na maji ya kuoga yakapashwa moto ili mgeni atoe vumbi la safari. Sikudhani alipolalamika kwamba huku siko kupika kwa kila siku, mwenye nyumba alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Ndivyo tunavyopika kila siku, mwanangu," alisema. "Kila siku akija mgeni."

Jioni mizani ilionyesha kilo tisa. Kumi na moja zilikuwa zimeteketea.

Alipima kaya thelathini, kaya moja kwa siku, kama fomu ilivyoagiza. Habari zake zilimtangulia. Nyumba ya tano ilisikia ya nne imechinja jogoo, nayo ikachinja wawili. Nyumba ya nane ilichinja mbuzi. Katika nyumba ya kumi na saba palikuwa na matari. Hakuna aliyetaka isemwe kwamba binti mwenye adabu namna ile, aliyetoka mbali na mizani begani, aliondoka kwake na njaa. Mwisho wa mwezi gauni la kazi lilikuwa limembana kiunoni, na wastani ulikuwa kilo kumi na moja na robo. Kwa mujibu wa sayansi, majiko banifu ya Masizini yalikuwa yanakula kuni kuliko mafiga.

*

Bwana Ngwilizi aliyasoma matokeo akiwa amesimama, kisha akayasoma akiwa ameketi. Hakukasirika. Alikuwa mtu mpole kwa kila jambo lisilomgharimu. Alimweleza Sikudhani kwamba kuna njia mbili, zote halali kiofisi. Ya kwanza ni kufuta kumi na moja na kuandika tatu, kwani nani atakwenda Masizini kuhesabu vijiti. Ya pili ni kuacha kumi na moja ilivyo, na lori litumwe.

Sikudhani alisema kumi na moja ni uongo uliopimwa vizuri, na tatu ni uongo usiopimwa, na yeye hawezi kutia saini yoyote. Mkurugenzi akamwambia kwamba wizara haijauliza ukweli, imeuliza namba, na kwamba ana siku saba. Baada ya hapo lori litaondoka, na saini itatafutwa kwa mtu mwingine.

Binti alirudi Masizini roho ikiwa mkononi, akamweleza Bi Mwamvua kila kitu: kwamba ukarimu wao umekuwa ushahidi dhidi yao, na kwamba kila kipande cha kuku alichokula kimehesabiwa kama moshi. Bi Mwamvua aligeuka akautazama ukuta wake wa buluu.

Wanawake wa mtaa walikusanyika, wakafanya kikao, wakaja na suluhisho. Kesho mji mzima ufunge. Hakuna atakayewasha moto, mpimaji apime, aandike sifuri, mambo yaishe. Sikudhani aliwashukuru kwa machozi, akakataa. Alisema sifuri ile nayo ingekuwa uongo, na tena uongo wenye njaa.

Alilala pale siku ile kwa huzuni, na siku ya pili pia kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara. Kwa siku zote mbili alilishwa kama bibi harusi. Asubuhi ya siku ya tatu alipofungua mlango alikuta jembe limeegemezwa kwenye kizingiti, mpini wake umepanguswa.

"Mgeni siku mbili," Bi Mwamvua alisema kutoka uani, bila kugeuka. "Ya tatu mpe jembe. Mahindi yanaliwa na magugu, mwanangu, na mimi kiuno changu unakijua."

Sikudhani alilima mpaka jua lilipokuwa la utosi. Aliporudi hakukuta kuku wala chapati. Alikuta ugali kwa mlenda, chungu kimoja, na alipomaliza kula aliambiwa aoshe sahani yake. Maji ya kuoga yalikuwa ya mtungini, baridi. Hakuna aliyemwuliza kama ameshiba. Jioni, kwa mazoea tu, kama alivyozipima asubuhi, alizining'iniza kuni zilizobaki, akatazama, akatazama tena. Tangu asubuhi zilikuwa zimetumika kilo tatu na robo.

Alicheka peke yake uani, ameishika mizani mkononi. Bi Mwamvua alidhani jua limempiga, akamletea maji.

*

Hayo ndiyo aliyoyaandika katika ripoti: kwamba Masizini mpimaji hupima kuni anazopikiwa yeye mgeni kwa siku mbili za kwanza, na za wenyeji kuanzia ya tatu. Bwana Ngwilizi alirudisha ripoti ikiwa na mstari mwekundu. Alisema amepekua miongozo yote ya upimaji, kurasa mia tatu na arobaini, na hakuna mahali jembe limetajwa kama kifaa. Angeitupa ripoti ile kapuni kama siku hiyohiyo asingefika Mthibitishaji.

Mthibitishaji alikuwa mtu wa ng'ambo aliyeitwa Bwana Ostervald, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya jua na tumbo lisilolingana na mwili wake. Kazi yake ilikuwa kuzunguka dunia na kuhakikisha kwamba moshi uliosemwa kuwa haukutoka, kweli haukutoka. Aliisoma ripoti ya Sikudhani mara mbili, akavua miwani. Alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba amethibitisha majiko katika nchi tisa, amekula katika nchi tisa, na katika zote majiko yalishindwa. Kwa miaka kumi na mbili alidhani tatizo ni majiko.

Ila mkataba ulikuwa mkataba. Kipimo cha mwisho lazima kifanyike mbele ya Waziri, na nyumba itakayopimwa ni ile atakayofikia Waziri. Sasa kwa kuwa kipimo chenyewe kinahitaji siku tatu, Waziri akae siku tatu. Mheshimiwa Malimwengu alikubali upesi, kwa sababu alielezwa habari za siku ya kwanza na ya pili tu.

Walikwenda kwa magari tisa. La kumi lilikuwa lile lori la kukusanyia majiko, tupu, limeegeshwa penye uwanja wa shule ili lisitafutwe likihitajika. Dereva wake alitandika mkeka chini ya bodi, akalala. Kina mama wa Masizini walilipita kila walipokwenda kisimani, na kila walipolipita waliacha kuzungumza.

Siku ya kwanza Mheshimiwa alipokewa kwa ngoma tatu. Nyumbani kwa Bi Mwamvua, alikofikia yeye na Mthibitishaji, alichinjwa ng'ombe wa kuchangiwa, ikapikwa pilau, na ilibidi yapangwe mafiga ya ziada uani kwa kuwa sufuria hazikuenea jikoni. Waziri alihutubia kuhusu kubana matumizi. Jioni Sikudhani alipima: kilo arobaini na sita. Mthibitishaji aliiandika. Siku ya pili, mabaki yakipashwa na mandazi yakiumuliwa, zilitumika thelathini na nane. Waziri alisema hajawahi kuona mradi wenye mafanikio kama ule.

Usiku ule usingizi wa Sikudhani ulikuwa wa mang'amung'amu. Aliogopa kitu kimoja. Kumpa mpimaji wa daraja la tatu jembe ni rahisi, lakini nani atampa Waziri? Mtu mmoja tu akiogopa, akachinja kuku mwingine, lori litapakia.

Asubuhi ya siku ya tatu Mheshimiwa Malimwengu alitoka nje kwa viatu vinavyong'aa, akanyoosha viungo, akauliza chai iko wapi. Palikuwa na kikombe kimoja cha uji na majembe matatu. Mabaunsa walitazamana. Bwana Ngwilizi alikimbilia mbele akitaka kueleza kwamba kumetokea kosa la kiitifaki, lakini Bi Mwamvua alikuwa amekwisha kulinyanyua jembe la kwanza na kulinyoosha.

"Kashindye," alisema, na palikuwa hapajasikika mtu kumwita Waziri kwa jina hilo tupu tangu alipozikwa mama yake. "Mgeni siku mbili. Shamba liko nyuma ya nyumba."

Mheshimiwa alitazama jembe. Alitazama watu, ambao nao walikuwa wanatazama jembe. Alikuwa na mengi ya kusema, na kwa kawaida angeyasema yote, lakini kitu fulani katika ile sauti kilimfanya avue koti. Alikunja suruali. Mstari wa kwanza alilima vibaya, akakata mahindi mawili, na Bi Mwamvua akamgombeza kama anavyogombezwa yeyote anayekata mahindi. Mstari wa pili ulinyooka. Wa tatu aliulima akiimba wimbo mmoja wa palizi wa utotoni, na wazee wa shamba la jirani wakampokea kiitikio. Mthibitishaji alilima polepole, sawasawa, kama anayejaza fomu. Bwana Ngwilizi aliliangalia shamba kwa jicho la kitaalamu mpaka aliposhikishwa jembe la tatu.

Mchana walikula ugali kwa mlenda kwenye sinia moja. Mheshimiwa alilamba vidole. Aliomba aongezwe, akaambiwa umekwisha, akaosha sahani.

Ilipofika saa kumi na moja jioni, Sikudhani alipima kuni kwa siri, mapema, kwa kuwa moyo haukuvumilia. Kilo tatu na robo. Ilibaki robo kilo tu kufika mpaka wa mkataba. Na hapo ndipo Mheshimiwa alipojitokeza mlangoni akiwa na taulo shingoni, mgongo umemkaza kwa kazi asiyoizoea, akaomba kwa upole kabisa ndoo moja ya maji ya moto.

Ndoo moja ya maji ya moto ni kilo nzima ya kuni. Sikudhani alijua akisema neno atakuwa amelipindisha jambo, maana mpimaji hatakiwi kumwambia mwenye nyumba awashe au asiwashe. Alikaza macho kwenye daftari lake. Bi Mwamvua alimtazama Waziri, akatazama jiko, na kwa hakika alimwonea huruma, kwani alikuwa mtu mzima anayejua maumivu ya kiuno.

"Maji ya moto ni ya mgeni, baba," alisema. "Sisi wa humu tunaoga ya mtungini."

Mheshimiwa alisimama kidogo na taulo lake. Kisha akaenda bafuni, na mtaa mzima ulimsikia akitaja majina ya mababu zake mmoja baada ya mwingine kila kata ya maji ilipomshukia.

Giza lilipoingia Bwana Ostervald alizining'iniza kuni kwa mkono wake mwenyewe. Tatu na robo. Alitia saini, Sikudhani akatia saini, na Waziri, nywele zikiwa bado zimelowa, akatia saini. Dereva wa lori aliamshwa, akaambiwa arudi alivyokuja. Kina mama hawakupiga kelele wala vigelegele. Walisimama kando ya barabara wakalitazama mpaka lilipopotea, halafu kila mmoja akaenda kwake kuwasha jiko lake.

*

Hapo hadithi ingekwisha, lakini mjue wizara haikubali jambo liishe vizuri bila kulitolea waraka. Katika ripoti yake Mthibitishaji aliandika sentensi moja ya nyongeza, kwamba kwa vipimo vyake siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, chanzo kikubwa cha moshi katika nchi hiyo si mafiga bali ni ziara za viongozi. Serikali iliipokea kwa furaha kubwa. Kumbe walikuwa wamekalia hazina. Ikaanzishwa mara moja Idara ya Ziara Ambazo Hazikufanyika, na Sikudhani, kwa kutambua mchango wake, akapandishwa kuwa mpimaji wa daraja la pili.

Utaratibu ulikuwa huu. Kiongozi anatangaza ziara, kisha anaighairi. Kuni ambazo zingepikia mapokezi zinahesabiwa kuwa zimeokolewa. Kwa kuwa ziara isiyotangazwa haiwezi kughairiwa, viongozi walianza kutangaza ziara kwa bidii. Mheshimiwa Malimwengu peke yake alighairi ziara arobaini na moja katika mwezi mmoja, mbili kati ya hizo za mji mmoja siku moja, na akavunja rekodi ya kanda. Wananchi walizipokea habari hizo kwa shangwe ambayo hakuwahi kuipata alipokuwa anakwenda.

Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha. Sikudhani alitumwa Masizini na Fomu Namba Kumi na Tano, yenye swali moja: kama Mheshimiwa angekuja leo kama ilivyotangazwa, kaya yako ingepika nini? Alimkuta Bi Mwamvua akichambua mchicha, akamsomea swali kama lilivyoandikwa. Bi Mwamvua aliwaza kwa uaminifu.

"Nisingepika kitu," alisema mwishowe. "Kashindye amelima hapa. Akija atakula tulichonacho, akichelewa atakuta chungu kimeoshwa."

Sikudhani aliuliza mara ya pili, kwa kuwa fomu inaagiza kuuliza mara mbili. Alipita nyumba nyingine ishirini na tisa, na kote alijibiwa hivyohivyo kwa maneno tofauti. Akaandika alichokisikia. Akiba iliyopatikana Masizini kwa Waziri kutokuja ilikuwa sifuri.

Bwana Ngwilizi alipoiona namba ile alikaa chini moja kwa moja. Sifuri moja ya kweli ingeweza kuangusha idara nzima. Alipendekeza ifutwe, Sikudhani akakataa kama kawaida yake, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuitupa wala kuipitisha, fomu ilipandishwa ghorofa ya nne. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, Waziri alikuwepo.

Sikudhani aliitwa, akasimama mbele ya meza kubwa akingojea kufukuzwa kazi. Mheshimiwa Malimwengu aliisoma fomu mpaka chini, akarudi juu akaisoma tena. Alikuwa amepokelewa kwa ngoma katika wilaya sitini. Alikuwa amechinjiwa ng'ombe wasiohesabika, na hapakuwa na nyumba hata moja katika nchi nzima ambako angeweza kuingia bila mtu kukimbilia kuku. Aliuliza kama ni kweli mama yule alisema asingepika kitu. Sikudhani akajibu kwamba ni kweli, na kwamba alisema Mheshimiwa angekula walichonacho.

Waziri alifungua dirisha, akasimama hapo akitazama magari tisa yaliyopangwa chini yakimsubiri aghairi safari.

"Binti," alisema, "palizi ya pili wanaanza lini?"